Maneno ya Pale Stesheni

Mimi nimechoka. Nianze na hilo, asije mtu akadhani nasimulia mapenzi. Miaka thelathini na minne nimesimama nyuma ya meza ya pasi kwenye duka la dobi: kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, mgongo mwisho, shati baada ya shati, mpaka jioni miguu imevimba hata viatu vinaikataa. Na nikifika nyumbani nakutana na mume asiyejua kunyamaza.

Mtaani wanamwita Kipaza. Jina lake la kwenye vyeti hata mimi hulikumbuka nikiliona limeandikwa. Ujanani alikuwa mkalimani wa filamu. Kwa ambaye hakuzikuta zama hizo, ilikuwa hivi: kuna banda, mabenchi kumi, televisheni moja juu ya kabati, na filamu za ng'ambo ambazo lugha yake watazamaji hawaijui. Kipaza anakaa pembeni na maikrofoni, anaishusha sauti ya filamu mpaka inakuwa kama watu wanaonong'ona chumba cha pili, halafu anaongea yeye. Alikuwa mwanamume, alikuwa mwanamke, alikuwa bibi kizee, polisi, mtoto, mbwa, na mlango unaofunguliwa. Watu walikuja kumsikia yeye kuliko kuiona filamu.

Kazi yao ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, kimya ni hasara. Ukihesabu mpaka tano hujasema kitu, benchi la nyuma wanaanza kupiga miluzi. Ya pili, mkalimani hakiri kwamba ametia chumvi. Mbane mlangoni, mwapishe, atakwambia ndivyo walivyosema kwenye filamu. Hiyo sheria ya pili imenitafuna miaka thelathini na moja, na mimi sina habari.

Mabanda yalipokufa, alipata kazi nje ya duka moja la vyombo, anashika spika kutwa nzima anazinadi sufuria utafikiri anaozesha mabinti zake. Jioni ananitangulia kufika nyumbani. Anachemsha maji, anayatia kwenye beseni na chumvi kidogo, ananiletea niloweshe miguu, na hapo ndipo anapofungulia: nani kasema nini sokoni, mteja gani kajipimia kifuniko kichwani, bosi kaanguka vipi kwenye kiti. Anaigiza sauti zote. Mimi nimefumba macho, nachoka masikio juu ya kuchoka miguu.

Mwezi wa tatu mwaka huu sauti ikaanza kukwaruza. Tukasema mafua. Mwezi wa tano akawa anaongea kama anayetafuna mchanga, na duka la vyombo wakamwambia apumzike kwanza. Daktari wetu ni mwanamke mdogo, mpole, asiyezungukazunguka. Alimpitishia mpira wenye taa puani, akatuonyesha kwenye kioo: uvimbe, umekaa pale pale kwenye kisanduku cha sauti.

"Tunaukata na kisanduku chake," akasema. "Njia nyingine ingekuwapo ningewaambia. Sauti itakwenda nacho. Mzee atakuwa anapumulia tundu dogo hapa." Akajigusa chini ya koo.

"Na nisipokatwa?" Kipaza akauliza.

"Mzee wangu, mwakani hutafika."

Akatupatia fomu ya ridhaa, ya kutia sahihi. Kitanda kimewekwa Jumatatu, saa mbili asubuhi. Asipokwenda na fomu iliyosainiwa kinapewa mwingine, maana foleni ni ndefu na wote wanaumwa.

Ile fomu ilikaa mezani kwetu siku kumi na moja. Aliifanya kisahani. Kila asubuhi anatua kikombe juu yake, na kwenye ule mstari wa sahihi kukawa na duara la chai. Nilimbembeleza. Nikamgombeza. Binti yetu akaja akalia. Ng'o.

"Sikio la kufa halisikii dawa," nikamwambia.

"Masikio yangu mazima, mama. Kinachoumwa ni koo."

Ndivyo alivyo, hata kifo anakifanyia mzaha. Lakini Jumamosi jioni, miguu yangu imo kwenye beseni, aliongea bila mzaha.

"Wewe unaniambia nitakuwa mzima. Mzima wa nini? Kuku naye mzima. Na humu ndani nani ataongea? Wewe? Ukirudi kazini unasema maneno sita, nimeyahesabu. Nimechoka. Maji yapo? Nimeshiba. Lala salama. Nikinyamaza mimi, hapa patakuwa makaburini."

Ulikuwa ukweli, na ukweli ukikukuta umechoka unauma mara mbili. Nikamjibu kwa kombora langu la siku zote.

"Afadhali makaburini! Miaka thelathini na moja unabwabwaja, na neno moja tamu la kwako mwenyewe sijalisikia. Ulilonalo tamu ni la filamu. Debe tupu!"

Alinitazama kidogo. Halafu akainama, akapima maji ya beseni kwa kidole kama yamepoa, akaenda kuongeza ya moto. Kila nikimrushia hilo kombora hunyamaza, na mimi miaka yote nilidhani ni kwa sababu hana la kujibu.

Hilo la filamu lina kisa chake. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Siku hiyo nimetoka kazini na furushi la mashati ya kupeleka kwa mteja, mvua ikaninasa njiani, nikaingia bandani kujikinga. Walikuwa wanaonyesha filamu ya zamani, ya rangi zilizofifia, ya karani wa tiketi kwenye stesheni ndogo ya treni na fundi saa aliyekuwa akija kila Alhamisi kutengeneza saa ya ukutani. Saa haina ubovu wowote. Fundi mwenyewe anairudisha nyuma akimaliza, apate sababu ya kuja Alhamisi nyingine. Mwisho anapata kazi mbali, treni imefika, na yule karani anatoka dirishani kwake kumletea koti alilolisahau. Wanasimama pale kwenye mvua, anamvalisha, anamfunga vifungo kimoja kimoja, na fundi anasema:

"Mimi sina nyumba, sina shamba, sina mjomba mwenye cheo. Nina mdomo tu. Lakini siku utakayorudi umechoka, sitakuacha ukae na uchovu wako peke yako. Nitaongea mpaka ucheke. Usipocheka, nitaongea mpaka ulale."

Jamani. Nilikuwa sijawahi kusikia mtu akisema hivyo kwa mtu. Nililia mpaka nikaogopa kuyalowesha mashati ya watu. Taa zilipowashwa yule mkalimani akaja, kijana mwembamba, mikono inamtoka jasho, akaniuliza kama nimeipenda.

"Nimeyapenda maneno ya pale stesheni," nikamwambia.

Akasema, "Ndivyo walivyosema."

Nikaiangalia tena wiki iliyofuata, na iliyofuata, na kila mara maneno ni yale yale. Kabla ya mwaka kuisha tukaoana. Nilimpenda, sisemi uongo, ila nusu ya moyo niliitoa kwa fundi saa, na yule fundi saa nimemlinganisha na mume wangu kila tulipogombana. Posa yenyewe Kipaza aliileta kwa kuniambia, "Basi, mimi na wewe tufanyeje?" Hayo ndiyo yaliyokuwa ya kwake.

Sasa Jumapili. Jumapili sisi madobi tunafanya nusu siku, maana Jumatatu watu wanataka mashati. Nimerudi saa nane na furushi la kumalizia nyumbani, namkuta binti yetu anachomeka flashi kwenye televisheni.

"Mama, nimeipata!" akasema. "Filamu yenu ya stesheni. Safi kabisa, na chini ina maandishi ya Kiswahili. Mtazame, mimi nawahi watoto." Akambusu baba yake kichwani. "Baba, kesho saa moja niko hapa na gari. Usisaini, usaini, mimi nitakuja."

Akaondoka. Kipaza akaiangalia ile flashi kwa dharau.

"Maandishi," akasema. "Filamu bila mkalimani ni chai bila majani."

"Daktari kasema usiongee sana."

Akaniletea beseni langu, akakaa. Picha ya kwanza ilipotokea, ile treni inakata kona, mkono wake ukaichukua rimoti wenyewe ukaisogeza mdomoni, akafungua kinywa. Kikatoka kikohozi. Alikohoa mpaka macho yakawa mekundu. Nikamnyang'anya rimoti, akakalia mikono yake kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

Basi nikaanza kusoma. Loo! Makubwa. Kwanza yule mama mwenye kilemba, ambaye kwa ukalimani wa Kipaza alikuwa shangazi mchawi wa karani, kumbe ni mwenye nyumba wake tu, anadai alipwe kodi kwa wakati.

"Kipaza! Miaka yote hii nimemchukia shangazi wa watu bure?"

"Hao walioandika hawajui kazi."

"Pameandikwa mwenye nyumba. Mara tatu."

"Mwenye banda alikuwa anakaa mlangoni," akakwaruza. "Wewe ungemtukana mwenye nyumba mbele ya mwenye banda?"

Nikacheka. Sikutaka, ila nikacheka. Halafu ikaja ile nyumba ya ghorofa, yenye ngazi na maua, ambayo Kipaza alikuwa akisema ni ya tajiri anayetengenezewa saa. Maandishi yakasema ni ya fundi mwenyewe. Ni ya mama yake, naye ni mtoto wa pekee. Hilo likanikaa vibaya, sikujua kwa nini, nikaliacha lipite.

Nilichokuja kukiona mchana ule sikukitarajia. Filamu niliyoiona mara arubaini nilikuwa sijaiona. Pale katikati, karani anakata tiketi, foleni haishi, na chini ya kaunta anavua kiatu kimoja, anausugua mguu kwa mguu mwingine. Uso juu unatabasamu kwa abiria. Mimi naujua ule mguu, ninao miwili. Fundi yuko juu ya ngazi na saa yake, anauona. Anashuka, anachukua sanduku lake la vifaa, analisukuma chini ya kaunta ili aweke mguu, anarudi kwenye ngazi. Hamna aliyesema neno. Bandani hapo Kipaza alikuwa akiweka kichekesho kirefu cha panya, watu wanavunjika mbavu, na mguu haukuonwa na mtu.

Nikaiangalia miguu yangu kwenye beseni. Maji yalikuwa bado ya moto.

Tukafika stesheni. Mvua. Karani anatoka na koti. Na mimi dobi, nikaona kitu cha kwanza: lile koti limepigwa pasi. Mkunjo wa mkono umenyooka kama rula, kola imelazwa inavyotakiwa. Hakulileta tu. Amelipiga pasi, koti la mtu ambaye hataki aondoke, amelinyoosha ili akaonekane mtu mbele ya watu wa huko aendako. Mungu wangu. Anamvalisha. Anafunga kifungo cha chini, kinachofuata, kinachofuata. Nikayakodolea macho maandishi, nayasubiri maneno yangu.

Hayakuja.

Chini ya picha patupu. Mvua inanyesha, saa ya ukutani inagonga, treni inapumua. Bandani sauti ilikuwa imeshushwa, kwa hiyo hata hiyo mvua nilikuwa siijui. Nikahesabu moja mpaka tano, nikafika kumi, nikafika ishirini. Mkono wa karani umefika kifungo cha mwisho ukasimama. Fundi akaufunika na wake. Mdomo wake nimeuangalia vizuri: haukufunguka hata chembe. Treni ikaondoka nyuma yao, na wao wamesimama vile vile, na filamu ikaisha.

"Wameyakata," nikasema. "Wameyakata maneno."

Nikarudisha nyuma. Mvua, saa, treni. Nikarudisha tena. Patupu.

"Kipaza. Yako wapi maneno yangu?"

Alikuwa anaangalia sakafu. Nimemfahamu huyu mtu akiwa na homa, akiwa na njaa, akiwa amefukuzwa kazi, na sijawahi kumwona na sura ile.

"Hawasemi kitu pale," akasema.

"Nani kasema basi?"

"Ulikuwa umekaa benchi la mbele." Sauti ilikuwa inatoka vipande vipande, namsogelea nimsikie. "Una furushi la mashati ya watu mapajani. Nguo zako zinachuruzika maji, furushi kavu. Filamu nzima hukuliweka chini. Nikaona umechoka mpaka unasinzia na macho wazi, na mikono haiachii. Nikasema, huyu akishika kitu hakiachii. Basi tukafika pale kwenye kimya, benchi la nyuma wananisubiri, na mimi nimesahau kama kuna filamu."

"Sina nyumba, sina shamba."

"Sikuwa nazo."

"Nina mdomo tu."

"Ndiyo huu. Ulikuwa mzuri wakati ule."

Nilisimama ndani ya beseni, maji yakamwagika. Nataka kusema niliguswa, na niliguswa, lakini kilichotangulia ni hasira. Miaka thelathini na moja! Nimemtukana kwa maneno yake mwenyewe. Nimemwita debe tupu, nimemsifia mwanamume wa kwenye kioo mbele ya mtoto wake, na yeye, mtu asiyeweza kuvuka barabara bila kuitangaza, hilo moja akalinyamazia. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, na mshindo wenyewe umekuja kunipasukia uzeeni.

"Kwa nini hukuniambia, wewe mtu? Hata siku moja?"

"Uliniambia umeyapenda." Akafuta mdomo. "Nikaogopa ukijua ni yangu utayapenda kidogo. Yule fundi ana sura, mama. Mimi nina hii."

Nikakaa. Nililia kwa hasira, nikalia kwa aibu, halafu nikalia tu. Yeye akachukua kitambaa akawa anafuta maji sakafuni, polepole, kwa magoti yake mabovu.

"Nilidhani niliitengeneza filamu," akasema akiwa kule chini. "Kumbe niliiharibu. Pale palikuwa pazima. Umeliona lile koti?"

"Nimeliona."

"Mimi sikuwahi kuliona. Nilikuwa naongea." Akakamua kitambaa. "Lakini wewe nilikuahidi. Ukirudi umechoka, sitakuacha peke yako na uchovu. Sijakosa hata jioni moja, nihesabie. Sasa nikikatwa hili koo, hiyo ahadi nitaitimiza na nini? Ndiyo maana sisaini. Si ubishi."

Nikaitazama ile fomu mezani, na kikombe chake juu. Siku kumi na moja nilidhani anaogopa kisu.

Mimi si mtu wa maneno, na nilikuwa nimesimama kwenye pasi tangu saa kumi na mbili asubuhi. Ningekuwa na nguvu ningemwambia mambo mengi kuhusu beseni. Nilichokifanya ni kuchukua rimoti. Nikarudisha mpaka mvua ilipoanza, nikaishusha sauti ikawa ya chumba cha pili, kama nilivyomwona akifanya mara arubaini. Karani akatoka na koti. Nikaisogeza rimoti mdomoni.

Kifungo cha chini. Kifungo cha pili. Kutoka sakafuni ikaja pumzi moja ya kubana, fyuu, haina sauti, hewa tupu. Nikageuka. Kipaza amekunja midomo anajaribu kunipigia mluzi. Benchi la nyuma!

"Ngoja basi!" nikamwambia, na nikaanza, kwa sauti yangu hii bapa ya kuitia wateja namba.

"Mimi nina meza ya pasi. Nina miguu mibovu. Mdomo sina, kila mtu anajua. Lakini siku utakayorudi huna sauti, sitakuacha ukae na kimya chako peke yako. Nitaongea. Nitaongea vibaya. Nitakuelezea mashati, moja moja, na vifungo vyake, mpaka ucheke. Usipocheka, ulale ukome."

Kifungo cha mwisho. Hapo nikanyamaza, maana pale niliona sasa kwamba pana haki ya kimya chake. Mvua ikanyesha kule chumba cha pili. Hakupiga mluzi.

Treni ilipokwisha kuondoka, akajikongoja akasimama, akakaa mezani. Akakiondoa kikombe. Akatafuta kalamu kwenye kopo, ya kwanza haikuandika, ya pili haikuandika.

"Ukome," akasema. "Hilo umelitoa wapi? Halimo kwenye filamu."

"Ndivyo walivyosema."

Akacheka, akakohoa, akatia sahihi juu ya lile duara la chai. Kisha mchana wote uliobaki, na jioni, mpaka usingizi ukamchukua, nilimwacha aongee. Daktari anisamehe. Alizinadi sufuria zote za duka lile, moja baada ya nyingine, na sikufumba macho.

Hizo ni wiki saba zilizopita. Kisu kilikwenda vizuri, tundu linapona, na binti yetu amemnunulia ubao mdogo wa kuandikia ambao anautumia kulalamika. Mimi sijabadilika sana, asidanganyike mtu. Zipo jioni naongea, zipo jioni mwili unanishinda, naingia nimebeba uchovu wangu mkononi na ulimi umelala.

Jana ilikuwa ya namna hiyo. Mashine ya mvuke imeharibika, tumepiga pasi ya mkono mashati mia moja na kumi, na bosi bado akanipa furushi la kuja nalo. Nikafungua mlango. Beseni liko mahali pake linafuka moshi. Maneno yangu sita yako tayari mdomoni, na nikishayasema hayo basi, nalala.

Kipaza yuko kwenye kiti chake mbele ya televisheni. Kwenye kioo, mvua ya stesheni. Hakuandika kitu ubaoni. Akachukua rimoti, akaishusha sauti polepole mpaka ikawa ya chumba cha pili, akanigeukia. Akanyanyua mkono, akakunjua kidole cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Nimesimama mlangoni na furushi la watu, miguu inawaka moto, namwangalia anavyonitazama.

Alipofika kidole cha nne nikaliweka furushi chini.

"Leo dukani," nikaanza.